Nani Ameshika Daftari

Mama anatunza stakabadhi zake kwenye kopo la maziwa ya unga. Juu kuna za mbolea ya ruzuku, katikati kuna karatasi za kliniki za wadogo zangu, na chini kabisa kuna kijikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la mazoezi: matofali mia moja, shilingi elfu kumi, amemaliza. Hakina mhuri. Ni cha mwaka 2006, mwaka tulioanza kujenga sekondari ya kata katika mji wetu mdogo, nje kidogo ya Songea. Nasema mji kwa sababu tuna stendi, gulio la Jumamosi na mashine tatu za kusaga. Kwenye karatasi za serikali bado tunaitwa kijiji.

Baba mdogo hana kijikaratasi kama hicho. Matofali alifyatua, lakini ile elfu kumi ilimshinda kwa sababu mahindi yalikuwa bado hayajauzwa. Mgambo wakaja asubuhi wakaondoka na baiskeli yake. Walisema ataikomboa akilipa. Alipopata hela na kwenda kuikomboa, baiskeli haikuwepo, wala hapakuwa na daftari linaloonyesha kwamba iliwahi kuchukuliwa.

Mimi nilisoma katika shule hiyo kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Nilikaa darasa ambalo huenda tofali za mama na za baba mdogo zimepangwa ukuta mmoja. Kwa hiyo ninaposikia viongozi wakisifu “nguvu za wananchi”, moyo wangu unagawanyika. Bila nguvu hizo nisingesoma. Bila nguvu hizo pia baba mdogo angekuwa na baiskeli yake.

Kwa walio wadogo kuliko mimi, nieleze utaratibu ulivyokuwa. Mwaka 2004 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, tuliouita MMES, na kuanzia 2006 msukumo ukawa kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walitakiwa kusomba mawe na mchanga, kufyatua tofali na kuinua ukuta hadi kwenye lenta. Hapo jengo huitwa boma. Serikali ilitarajiwa kuleta bati, kupaua na kupeleka walimu. Ndiyo sababu ukisafiri kwa basi nchi hii unaona maboma mengi yaliyoota majani ndani. Kila moja linaonyesha mahali ambapo upande mmoja ulitimiza ahadi yake ukabaki kuusubiri mwingine.

Kwa miaka mingi nilidhani hakuna namna nyingine. Nilidhani maendeleo ya mahali kama kwetu ni lazima yaje na orodha ya majina, tarehe ya mwisho na mgambo. Babu yangu, mdogo wake babu aliyemzaa mama, ndiye aliyenibadilisha mawazo. Nilikwenda kumsalimia nikiwa likizo ya chuo. Baada ya shikamoo na marahaba nikamlalamikia habari za michango. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mjukuu wangu, huko chuo hawajawafundisha habari za Litowa?”

Hawakuwa wametufundisha. Nikaanza kutafuta mwenyewe.

Litowa ni kijiji cha wilaya ya Songea. Mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikwenda kufungua pori wakalime na kuishi pamoja. Jaribio la kwanza lilikwama kwa jambo la kawaida kabisa: chakula kiliisha. Mwaka uliofuata wakarudi, safari hii wakiwa wamejipanga vizuri zaidi. Baadaye akaja kuishi nao Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, pamoja na mkewe na watoto. Alikuwa mshauri wao. Kabla ya hapo alikuwa ameishi Rhodesia ya Kusini, kwenye shamba la misheni ambako Waafrika na Wazungu walijaribu kufanya kazi kwa ushirika.

Vijiji vingine vikaona, vikafuata. Mwaka 1963 vikaunda chama chao, Ruvuma Development Association, ambacho watu walikiita kwa kifupi RDA. Kufikia 1969 vijiji wanachama vilikuwa vimefika kama 17. Walikuwa na kinu cha kusaga mahindi Songea mjini, mashine ya kupasua mbao, na shule ya Litowa ambako watoto walisoma huku wakijifunza kazi za kijiji chao. Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, na Ujamaa Vijijini Septemba mwaka huohuo, mambo mengi aliyoyaeleza kwa maandishi yalikuwa tayari yanafanyika Litowa.

Babu alikuwa kijana mdogo wakati huo. Hakuwa mwanachama, alifika tu na mjomba wake aliyepeleka mahindi kinuni. Kilichobaki kichwani mwake ni mkutano aliosimama nje kuusikiliza. “Walikuwa wanabishana,” aliniambia. “Wanabishana kuhusu hela, mbele za watu, na mwenye daftari anasoma kwa sauti.” Alilirudia hilo mara mbili, kama mtu anayesimulia kwamba aliwahi kuona tembo mweupe.

Nadhani siri ilikuwa pale. RDA haikukosa wadau, kama tunavyosema siku hizi. Ilipata misaada kutoka nje, ilipata wataalamu wachache wa kigeni, na kwa muda mrefu ilipata baraka za Rais mwenyewe. Lakini wataalamu waliishi kijijini na kuwajibika kwa kijiji. Kijiji kipya kilipotaka kuanza, chama kilipeleka wanavijiji wazoefu wakakae huko, walime pamoja na wenzao na kuwaonyesha njia. Mipango ilizungumzwa kwenye mikutano ya wanakijiji wenyewe. Msaada ulipokuja ulikuta watu wameshaamua wanataka nini, na wanajua nani anaandika mapato na matumizi.

Kwa sababu hiyohiyo chama kilipata maadui. Kikundi cha wakulima kinachoendesha kinu chake, kinachoamua kipande gani kilimwe nini, kinachomsikiliza kiongozi wa mkoa kisha kumjibu “tutalizungumza”, kinaweza kuonekana kama serikali ndani ya serikali. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua RDA ivunjwe. Mali zake zikachukuliwa, walimu wa shule wakahamishwa, wageni wakaondoka. Kiongozi wa TANU alikuwa Nyerere, yuleyule aliyekuwa amekilea chama hicho. Matetereka, mojawapo ya vijiji vya RDA, waliendelea na kilimo chao cha pamoja kwa miaka mingi baadaye, lakini kila kijiji kilikuwa kimebaki peke yake.

Miaka minne baada ya hapo, mwaka 1973, ikatangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Watu waliokuwa wamekwenda wenyewe porini kujenga ujamaa walikuwa wamevunjiwa chama. Sasa waliokuwa hawajataka wakapakiwa kwenye malori. Babu alihamishwa wakati huo. Nyumba aliyoiacha ilikuwa ya tofali za kuchoma.

Sisemi Litowa ilikuwa peponi. Babu mwenyewe alikumbuka majirani waliosema watu wa kule wana majivuno, na mtu anayependa shamba lake binafsi hakuwa na mahali pale. Mimi pia sijui kama ningeweza kuishi maisha ya kengele na mikutano kila siku. Ninachokichukua kutoka kwao ni kidogo zaidi ya ujamaa, na nadhani ni kigumu zaidi: daftari lilisomwa kwa sauti.

Ukiangalia kwa karibu, sheria zetu hazikusahau jambo hilo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kabisa kijijini, na halmashauri ya kijiji inapaswa kurudi mbele ya mkutano huo na hesabu zake. Tatizo letu lilikuwa kwamba mwaka 2006 mkutano uliitwa ili watu watangaziwe kiwango. Haukuitwa tena kuwasomea kilichopatikana.

Matunda ya hilo nimeyaona. Mwaka 2014 lilipokuwa likitekelezwa agizo la kila sekondari ya kata kujenga maabara, michango ilianza tena na ilikuwa ya kusuasua. Mama, ambaye 2006 alimaliza kabla ya wengi, safari hii alitoa nusu akanyamaza. Waliokuwa ofisini walisema wananchi wamekuwa wavivu. Mwisho wa 2015 ukatoka waraka wa elimu bila malipo, ukaanza kutumika Januari 2016, na wengi wakaupokea kama ruhusa ya kupumzika. Boma la maabara yetu lilisimama kwenye lenta miaka kadhaa, mbuzi wakilala humo.

Lililolinyanyua lilikuwa jambo dogo. Kamati mpya ya ujenzi ilimchagua mhasibu wake kutoka kwa akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wanawake hawa kila Alhamisi huhesabu hela mezani, mbele ya kila mwanachama, na sanduku lao lina kufuli tatu zinazoshikwa na watu watatu. Walileta desturi yao hiyo kwenye ujenzi. Kila Jumamosi ya gulio karatasi ilibandikwa kwenye mti wa stendi: nani katoa nini, saruji mifuko mingapi imenunuliwa, kwa bei gani, na imebaki mingapi. Vijana wetu walioko mjini wakaanza kutuma hela baada ya kupigiwa picha ya karatasi ile. Halmashauri nayo ilipoombwa bati, ilioneshwa hesabu kwanza.

Baba mdogo alikwenda kuisoma karatasi hiyo Jumamosi ya tatu. Nilikuwa naye. Aliisoma polepole kuanzia juu mpaka chini akitumia kidole, ingawa jina lake halikuwemo. Kisha akamuuliza yule mama mwenye daftari kama kuna mahali pa kuandika vitu vilivyochukuliwa zamani.

Mama yule alifikiri kidogo. Akafungua ukurasa mpya, akaandika mwaka 2006, akaandika baiskeli moja, kisha akamuuliza ilikuwa ya aina gani.