Injini ya Mvuke Iliyofufuliwa

Ndugu wanakisomo wa Mchombe, na nyote mnaotusikiliza katika madarasa ya bonde la Kilombero, hili ni somo letu la historia. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: mvuke, boila, fayamani, karakana. Tutayakuta mbele ya safari.

Somo la leo lahusu injini ya zamani ya gari la moshi. Injini hiyo ilistaafu, ikawekwa kama kitu cha kutazamwa, kisha ikatengenezwa ikavuta treni tena. Tutajifunza jinsi inavyofanya kazi, na tutajiuliza swali moja: ili injini iliyokufa ifufuke, kinatakiwa nini zaidi ya chuma?

Sisi watu wa bonde hili si wageni wa reli. Reli ya TAZARA, ambayo wazee waliiita Reli ya Uhuru, ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Inapita Ifakara na kwenda Mlimba, kisha inapanda milima kuelekea Makambako. Tangu miaka ya 1990 imepita hapa pia treni ya anasa ya kampuni ya Rovos Rail ya Afrika Kusini, yenye watalii wanaotazama mashamba yetu ya mpunga madirishani. Kwa hiyo mnajua kwamba wako watu wanaopanda treni kwa ajili ya safari yenyewe, si kwa ajili ya kufika tu.

Lakini TAZARA ilianza kazi na injini za dizeli. Ili tupate habari za injini ya mvuke iliyofufuliwa, inatubidi tutoke bondeni kwetu twende Nairobi, nchini Kenya. Kwanza tueleze jinsi injini hizo zilivyofika Afrika Mashariki.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Waingereza walianza yao kutoka Mombasa mwaka 1896. Ikafika Nairobi mwaka 1899, na Ziwa Victoria, mahali paitwapo leo Kisumu, mwaka 1901. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja. Mizigo ilikuwa imeongezeka mno, nazo injini za zamani zilikuwa zimechoka. Shirika likaagiza injini mpya kutoka Uingereza.

Miongoni mwake zilikuwamo injini 34 za aina ya 59, zilizotengenezwa mjini Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock katika miaka ya 1955 na 1956. Injini moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na zaidi. Fikirini magunia 2,500 ya mpunga, kila gunia kilo 100. Huo ndio uzito wake. Urefu wake ulikuwa zaidi ya mita 31. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani, hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda hizi.

Injini nzito namna hiyo iliwezaje kupita kwenye kona za milima bila kuvunja reli? Mwingereza mmoja aitwaye Herbert William Garratt alipata ufumbuzi wake mwaka 1907. Aliweka boila moja kubwa katikati, akaliegemeza juu ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma. Kila seti hugeuka peke yake. Kwa hiyo injini hujipinda kwenye kona, na uzito wake hugawanyika juu ya magurudumu mengi. Injini hizi zilivuta mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, penye kimo cha zaidi ya mita 1,600.

Kila injini ya aina ya 59 ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Namba 5918 iliitwa Mount Gelai, yaani Mlima Gelai, ulio kwetu Tanzania karibu na Ziwa Natron. Namba 5930 ikapewa jina la Shengena, mlima wa Upare. Injini nyingine, ndogo kuliko hizo, zilipewa majina ya makabila. Namba 3020 iliitwa Nyaturu, kwa jina la ndugu zetu Wanyaturu wa Singida.

Basi milima iliandikwa kwenye chuma, na makabila yakaandikwa kwenye chuma. Je, watu waliozifanyia kazi injini hizo waliandikwa wapi? Wakati wa ukoloni vyeo na mishahara ya reli vilipangwa kwa rangi. Vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu. Wahindi, wakiwamo Masingasinga, walikuwa madereva na mafundi. Waafrika wengi waliwekwa chini: kusafisha injini, kubeba mataruma, na kuwa fayamani, yaani mtu wa kuangalia moto na maji ya boila. Katika miaka ya kuelekea uhuru na baada yake, Waafrika wengi zaidi walipanda kuwa madereva. Hata hivyo kibao cha shaba ubavuni mwa injini hakikuonyesha jina la fayamani.

Kisha ikaja dizeli. Injini ya dizeli huwashwa ikaondoka bila kungoja saa nyingi. Haihitaji maji mengi njiani, wala mafundi wengi wa kuihudumia. Kufikia mwaka 1980 hivi injini za aina ya 59 zilikuwa zimeondolewa kazini. Nyingi zilikatwakatwa zikawa vyuma chakavu. Shirika lenyewe nalo lilikuwa limevunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na kila nchi ikabaki na reli yake.

Lakini mwaka 1971, kabla ya kuvunjika huko, yalikuwa yamefunguliwa Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Humo liliwekwa hata behewa ambalo ndani yake simba alimuua ofisa wa polisi aitwaye Charles Ryall, katika stesheni ya Kima, mwaka 1900. Mount Gelai, Shengena na Nyaturu zikapata hifadhi huko. Ndiyo maana injini zenye majina ya kwetu zimekaa kwa jirani. Zilikuwa mali ya nyumba moja kabla ndugu hawajagawana.

Makumbusho hayo yaliunganishwa na njia ya reli, ili injini ikitengenezwa iweze kutoka. Na kweli Mount Gelai ilitengenezwa, na mwaka 2001 ikatembea tena kwa nguvu zake, ikavuta treni za matembezi zenye wapenzi wa reli. Nyaturu nayo ilitengenezwa ikatembea.

Sasa tuione kazi ya kuendesha injini kama hiyo. Msidhani ni kuwasha na kuondoka.

Kazi ya kwanza ni kulikagua boila. Maji yakichemka yakawa mvuke hutaka nafasi kubwa, zaidi ya mara 1,600 ya nafasi ya maji yenyewe. Yakifungiwa ndani ya boila, mvuke husukuma kwa nguvu nyingi. Nguvu hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu. Na boila likiwa bovu, nguvu hiyo hiyo huua. Kwa hiyo kabla ya msimu wa safari mafundi hulijaza maji baridi na kuyasukuma kwa nguvu kupita ile ya kazi, ili waone kama kuna mahali panapovuja. Maji baridi yakipasua bomba, fundi hulowa tu. Mvuke ukilipasua, watu hufa. Mkaguzi akiridhika hutia sahihi katika kitabu. Bila sahihi hiyo, injini haitoki karakana.

Kazi ya pili ni kuwasha moto. Huwashwa siku moja kabla ya safari, polepole sana, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Sehemu moja ikitanuka upesi kuliko nyingine, boila hupata nyufa. Injini za aina ya 59 zilitumia mafuta mazito badala ya kuni au makaa, na mafuta hayo hurushwa motoni kwa mvuke. Injini ikiwa baridi haina mvuke wake, basi huazima mvuke au hewa kutoka nje mpaka ipate wake.

Kazi ya tatu ni maji. Mount Gelai ilibeba galoni 8,600, yaani lita 39,000 hivi. Zigawanyeni kwa ndoo za lita 20, mtapata ndoo zaidi ya 1,900. Zamani stesheni nyingi zilikuwa na minara ya maji kwa ajili ya injini. Dizeli ilipokuja, minara hiyo haikuwa na kazi tena. Kwa hiyo treni ya mvuke ya siku hizi lazima ipangiwe maji yake mapema, kituo kwa kituo.

Kazi ya nne ni ya njiani. Dereva hutazama reli na ishara; fayamani hutazama kioo cha maji. Maji yakipungua mpaka paa la chumba cha moto likabaki wazi, chuma hulainika na boila linaweza kulipuka. Kwenye mlima fayamani huongeza moto kabla mlima haujaanza, kwa maana akingoja mpaka injini ichoke amechelewa. Aujuaje mlima kabla ya kufika? Anaijua njia. Anaujua pia moshi: ukiwa mweusi mno, mafuta yanapotea bure. Husikiliza na mlio wa injini, kama vile mama anavyosikia chungu kinachotaka kufurika.

Kazi ya tano huja baada ya safari. Sufuria ya kuchemshia maji hufanya utando mweupe ndani. Boila nalo hufanya hivyo hivyo, na utando ukizidi moto haupiti vizuri. Lazima lipoe, lifunguliwe, lioshwe, kisha mzunguko uanze upya.

Sasa turudi kwenye swali letu. Chuma cha kutengenezea kipo, na bomba jipya hununuliwa. Lakini nani anajua jinsi moshi unavyopaswa kuonekana? Nani anajua mlio wa injini inayotaka maji? Vitabu vya kiwanda husaidia, ila haviwezi kushika kila kitu kilichokuwa mikononi mwa fayamani.

Chukueni chaki tupige hesabu. Kijana aliyekuwa fayamani mwaka 1980, akiwa na miaka 25, alizaliwa mwaka 1955, mwaka ule ule kiwanda kilipoanza kutengeneza injini hizo. Mwaka 2001, Mount Gelai ilipotembea tena, alikuwa na miaka 46, bado mwenye nguvu za kumwonyesha kijana. Mwaka 2030 atatimiza miaka 75, kama yu hai. Injini yaweza kungoja kwenye makumbusho miaka 20 mingine. Yeye hawezi.

Wako watakaouliza: kwa nini kutumia fedha kwa chuma kizee? Swali hilo ni la haki. Kenya ilifungua reli mpya ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kwetu treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Hakuna atakayerudi kwenye mvuke kwa kusafirisha mpunga. Faida ya treni ya matembezi ni nyingine. Nauli ya watalii husaidia kulipia matengenezo, na kila injini inapowashwa, mzee husimama karibu na kijana akamwambia, "Sikia mlio huo." Injini ikizimwa miaka mingi, somo hilo nalo huzimika. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, maadamu mhunzi yupo.

Ndugu wanakisomo, Mount Gelai haiwezi kufika Mchombe. Reli yake ina upana wa milimita 1,000, na ya TAZARA ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, upana unaokaribia vidole vinne, nayo yatosha kuizuia. Lakini jambo tulilojifunza limekwisha kufika. Kijana wa miaka 20 aliyeshika sururu kwenye TAZARA mwaka 1970 alizaliwa mwaka 1950, na mwaka 2025 ametimiza miaka 75. Wazee wa namna hiyo wamo katika vijiji vyetu. Wanajua tuta lilivyojazwa udongo penye maji, na madaraja yalivyopandishwa kuelekea Mlimba. Mali bila daftari huisha bila habari; na ujuzi ni mali.

Nyinyi sasa mnajua kuandika. Basi kazi ya juma hili ni hii. Mtafute mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyefanya kazi ya reli, au aliyewapikia au kuwauzia chakula watu wa reli. Mwamkie kwa heshima, mwulize, kisha andika sentensi tano. Andika kwanza jina lake, ukipata ruhusa yake. Mwalimu atazikusanya zihifadhiwe darasani.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini boila hujaribiwa kwa maji baridi kabla ya kuwashwa moto?
2. Fayamani alifanya kazi gani? Kwa nini jina lake halikuonekana kwenye injini?
3. Ni kazi gani hapa Mchombe ambayo wazee wachache tu wanaijua? Tufanye nini isipotee?

Tumefika mwisho wa somo la leo. Mwalimu wa darasa, endelea na majadiliano.