Ngoma Ilie kwa Ruhusa ya Nani?

Hapa Kakuma kijana akitaka kufanya tamasha la nje, kitu cha kwanza kutafuta si ngoma wala spika. Ni karatasi. Barua inaanza kwa kiongozi wa bloku, inapita ofisini, inafika polisi, na mara nyingine inarudi ilikotoka kwa sababu stempu moja haisomeki. Huu ni mwaka wangu wa nne kufanya kazi na vijana, na barua hizi nimeziandika mpaka mkono unajua njia wenyewe. Ndiyo nikaanza kuuliza: hii desturi ya kuombea ngoma ruhusa ilitoka wapi?

Ni ya zamani kuliko kambi, na ni ya zamani kuliko Kenya huru. Tangu mwanzo imechanganya mambo mawili, sauti na watu. Sauti ni ile inayomnyima mtoto mchanga usingizi. Watu ni wale wanaokusanyika mahali pamoja na kuanza kusemezana. Watawala wengi wamelalamikia la kwanza huku wakiogopa la pili.

Chukua beni. Ilianza pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana waliona bendi za Wazungu, wakaziiga: tarumbeta, sare, vyeo vya kijeshi, wafalme na majenerali wa kujitungia. Jina lenyewe ni neno la bendi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi waliirudisha makwao, ikaenea Tanganyika na Nyasaland, hata kwetu Kongo. Ilikuwa ngoma ya mashindano, mtaa huu kuupita mtaa ule kwa mavazi na karamu. Lakini maafisa wa kikoloni walianza kuandikiana barua wakiuliza kama chini yake hakuna njama. Watu weusi wenye vyeo, wanaotembea kwa mistari, wanaochangishana pesa kutoka mji hadi mji! Hakuna aliyelalamika kwamba tarumbeta zilimwamsha.

Mwaka 1930 ikaja zamu ya Muthirigu, ngoma ya Wakikuyu. Wamisheni walikuwa wameanza kuwafukuza kanisani na shuleni watu waliokataa kuacha tohara ya wasichana, na vijana wakajibu kwa wimbo wa kuwakejeli wao na serikali. Serikali ikaupiga marufuku. Kuhusu kukeketa msichana mimi sina maneno mawili, ni kumuumiza. Ila hoja ikijibiwa kwa kukataza wimbo, hoja inabaki palepale, na watu wanaiimba ndani ya nyumba.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Utulivu wa Umma, ambayo bado ipo. Kwa miaka mingi mkutano wa hadhara ulitaka leseni, na leseni ilikuwa mkononi mwa mkuu wa wilaya. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, leseni ikabaki.

Kisa kinachoonyesha hili vizuri ni cha Kamiriithu, karibu na Limuru. Watu wa kambi watakielewa haraka, kwa sababu Kamiriithu yenyewe ilianza kama kijiji cha hali ya hatari miaka ya 1950, mahali ambapo watu walikusanywa kwa nguvu wakaambiwa kaeni hapa. Miaka ya 1970 wanakijiji, wengi wao wakulima na vibarua, walikuwa na kituo cha jamii. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwaandikia mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu, *Ngaahika Ndeenda*, na wanakijiji wakaurekebisha: hapa mzee hasemi hivi, hapa wimbo si huo. Wakajijengea jukwaa la wazi, lisilo na paa, la kuketisha zaidi ya watu elfu mbili. Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1977. Watu walikuja kwa mabasi.

Tarehe 16 Novemba 1977 ukasimamishwa. Jinsi ulivyosimamishwa ndiyo inanishangaza mpaka leo. Hakuna aliyesimama kusema mchezo huu umekatazwa kwa sababu unazungumzia ardhi na mishahara. Leseni ya kukusanyika iliondolewa, basi. Karatasi moja. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kupelekwa mahakamani. Kikundi kikajaribu tena na mchezo mwingine mwaka 1982, leseni ikakataliwa, na Machi mwaka huohuo polisi wakaja wakalibomoa lile jukwaa.

Mabadiliko yalikuja 1997, baada ya presha kubwa ya kisiasa. Leseni iliondolewa, ikawekwa taarifa. Anayeandaa mkutano wa hadhara anamjulisha mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, anataja mahali na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kama mwingine ametangulia kutoa taarifa ya mahali hapo na saa hiyo, unaambiwa. Kujulisha si kuomba. Katiba ya 2010 ikaongeza nguvu: haki ya kukusanyika kwa amani, bila silaha, imepewa "kila mtu". Kifungu kinachofuata, cha haki za kisiasa, kinasema "kila raia". Hao walioandika walijua tofauti ya maneno hayo mawili, na sisi wakimbizi tuko ndani ya lile la kwanza.

Kelele zina kitabu chao tofauti. Kanuni za mazingira za 2009 zimeweka vipimo: eneo la makazi, nje ya nyumba, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na mchana wa kanuni hizo unakwisha saa mbili usiku. Karibu na hospitali ni chini zaidi. Na chini ya katiba ileile kudhibiti kelele ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo kuna saa mbili tofauti ukutani, moja ya mkusanyiko na moja ya sauti, na nusu ya ugomvi wetu na askari jioni unatoka hapo.

Kanuni hizi za kelele mimi sizichukii. Nyumba zetu ni za mabati na maturubai, sauti haina pa kuzuiwa. Kuna jirani aliyetoka zamu ya usiku kliniki, kuna mgonjwa, kuna watu ambao spika ikipasuka ghafla wanalala chini, juu ya yale waliyoyaona. Disko matanga hadi alfajiri, na mtihani uko kesho, hiyo siitetei.

Ninachokataa ni neno kelele kutumiwa kama pazia. Mwaka jana kikundi cha wasichana wetu, wengi Warundi, kilitaka kupiga ngoma uwanjani saa tisa mchana. Barua ilirudi na neno moja tu: "kelele". Uwanja huohuo, wiki hiyohiyo, fainali ya mpira ilichezwa na spika mbili kubwa na jenereta.

Na hapo lazima niiseme Burundi, kwa kuwa wasichana hawa hawakuanza kukatazwa hapa. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, amri ya rais Pierre Nkurunziza ilisema wanawake wasiipige. Vikundi vijiandikishe wizarani, vipate ruhusa, na sherehe binafsi ilipiwe faranga 500,000. Mzee mmoja wa bloku yetu aliniambia, "Mwanangu, ngoma ya mfalme haikupigwa na wanawake tangu zamani." Namheshimu, na kuhusu zamani anasema kweli. Tulikaa naye na wasichana na mama zao, tukabishana mpaka chai ikapoa. Hakukubali. Lakini alibishana nao uso kwa uso, na wao wakamjibu, na hilo halikuhitaji stempu.

Mama mmoja, jirani wa uwanja, alikuja na shida nyingine kabisa: hakuwa na neno na wasichana, alitaka tu ngoma inyamaze kabla ya Magharibi, asali kwa utulivu. Tulikubaliana saa kumi na moja kamili, na spika zielekezwe upande wa lagga, si upande wa kliniki.

Barua ya mwezi huu nimeiandika upya. Nimefuta "tunaomba kwa unyenyekevu", nimeandika "tunawajulisha". Nimetaja siku, uwanja, saa tisa hadi saa kumi na moja, idadi ya ngoma kumi na mbili, na majina ya wasichana wanaopiga. Imepelekwa siku 9 kabla, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa iko kwenye faili langu.