Saratani ya tezi dume: dawa ile ile, mapema au kwa kuchelewa

Mkulima wa Katangi, huku Yatta, anayelima kwa maksai anajua korodani zikitolewa mnyama hubadilika mwili na tabia. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba homoni ya kiume itokayo kwenye korodani ndiyo inayolisha saratani ya tezi dume iliyosambaa. Wagonjwa wake waliokatwa korodani, au kupewa estrojeni, homoni ya kike, walipata nafuu. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1966.

Vidonge vya estrojeni vilikuwa rahisi, lakini utafiti wa Marekani miaka ya 1960 ukagundua kwamba miligramu 5 kwa siku ziliua watu kwa maradhi ya moyo. Miaka ya 1980 zikaja sindano kama goserelini. Hizi hufanya kazi ya kisu, ila hurudiwa kila mwezi au kila miezi 3, na kwa mtu wa Katangi kila sindano ina nauli yake. Ndiyo maana upasuaji ule haujapitwa na wakati, ingawa ni neno gumu kumwambia mzee mbele ya wanawe.

Kisa cha dosetakseli, dawa ya kemo, ndicho kinachoniudhi kwa jinsi ilivyochelewa kutolewa. Mwaka 2004, kwa wagonjwa ambao tiba ya homoni ilikuwa imeshindwa, iliongeza kama miezi 2 tu ya maisha. Mwaka 2015 utafiti wa CHAARTED ukaipeleka mwanzoni mwa matibabu, dozi 6 pamoja na tiba ya homoni, ikaongeza zaidi ya mwaka. Abirateroni nayo, dawa ya kuzima homoni ya kiume, iliidhinishwa Marekani 2011 kwa waliokwisha kupitia kemo; mwaka 2017 ilionekana kwamba ikitolewa mwanzoni mwa matibabu hupunguza vifo kwa zaidi ya theluthi.

Dawa hizi mbili zilipolinganishwa katika utafiti wa STAMPEDE wa Uingereza, hakuna iliyoshinda kwa urefu wa maisha. Dosetakseli ni dripu kila wiki 3, nywele hunyonyoka, kinga hushuka, lakini baada ya miezi 4 hivi umemaliza. Abirateroni ni vidonge 4 kila siku tumbo likiwa tupu, pamoja na prednisoloni, na presha na ini hupimwa mara kwa mara.

Mwaka 2018 jaribio la wagonjwa 72 lilionyesha kidonge 1 cha abirateroni pamoja na kiamshakinywa chenye mafuta kidogo kikishusha PSA, kipimo cha damu cha saratani hii, sawa na vile 4. Jaribio lilikuwa dogo mno kueleza kama watu huishi sawa, kwa hiyo mzee asijipunguzie mwenyewe. Amuulize daktari wake.