Nani Alimfungisha Shangazi?

Ijumaa moja ya Kwaresima, shangazi yangu wa kule chini ya Mlima Hanang alianguka jikoni. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Jirani mmoja akasema malaria, mwingine akaanza kukemea mapepo. Aliyemwokoa ni binti wa sekondari, aliyeona kwamba bado anaweza kumeza, akamnywesha maji yenye sukari nyingi.

Kumbe asubuhi alikuwa amekunywa kidonge chake cha kisukari, halafu hakula kitu mpaka alasiri. Nilipofika kumwamkia akaniambia, "Dawa haivunji mfungo, mwanangu." Ndiyo, haivunji. Ila kidonge kile kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, kiwe kimekuta chakula au hakijakuta. Tumbo likiwa tupu, sukari kidogo iliyobaki kwenye damu inashuka, na ubongo ndio unaoumia mapema. Kliniki hawakuwahi kumwuliza kama anafunga, naye hakuona sababu ya kusema.

Nikabaki najiuliza: huu mfungo mkali hivi, nani alimwekea?

Zamani Mkatoliki aliyetaka kupokea Komunyo alifunga tangu saa sita usiku. Hakuna kula, hakuna kunywa, hata maji. Sasa mfikirie mama mjamzito, au mzee wa vidonda vya tumbo, anapandisha vilima vya Mbulu kwa miguu kutoka kigango cha mbali, na misa inaanza jua limeshakuwa kali. Januari 1953 Papa Pio XII, katika waraka wa Christus Dominus, alitamka kwamba maji hayavunji tena mfungo. Wagonjwa waliruhusiwa dawa na vinywaji visivyo na kilevi, kwa ushauri wa padri muungamishi, na safari ndefu ikatajwa kuwa sababu ya kulegezewa. Mwaka huohuo Mbulu ikawa jimbo. Siku hizo Hanang bado ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Mwaka 1957 saa za kujizuia chakula zikawa tatu, 1964 ikabaki moja. Sheria ya Kanisa ya 1983 ikawaondolea hata hiyo moja wazee, wagonjwa na wanaowauguza.

Na ule mfungo wa siku nzima? Tangu 1966 Kanisa zima linadai siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena mlo mmoja kamili unaruhusiwa na vitu vidogo pembeni. Kanuni ya 1252 inawahusu watu wa miaka 18 mpaka wanapotimiza 59. Shangazi ana miaka 68! Sheria ilishamwachia muda mrefu, na siku aliyoanguka haikuwa hata mojawapo ya hizo mbili.

Wala si Wakatoliki peke yao. Sura ya pili ya Kurani inamruhusu mgonjwa na msafiri kula, siku zilipwe baadaye. Bado wengi wanafunga. Utafiti wa EPIDIAR, uliofanywa katika nchi 13 mwaka 2001, uliona kwamba kushuka vibaya kwa sukari wakati wa Ramadhani kuliongezeka mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa aina ya pili. Madaktari hawamkatazi kila mtu. Wanataka mgonjwa aje kabla ya mfungo, dozi na saa za dawa zipangwe upya, na wengine waambiwe wazi wasifunge.

Nilimweleza shangazi yote haya. Akasikiliza, akacheka kidogo. "Mama yangu alitufundisha vingine," akasema. Huyo mama yake, yaani bibi yangu, alijifunza mfungo kabla ya 1953, na sidhani kama kuna mtu aliyemsomea waraka wa Papa.

Kwaresima iliyofuata nililala kwake. Asubuhi ya Ijumaa alipika uji, akanywa kikombe kizima, ndipo akameza kidonge. Mlango wa jiko aliufunga kwanza, majirani wasimwone.