Dawa ya tansio: kutoka mizizi ya msituni hadi farmasia za Kindu

Wakaaji wa Kindu wenye tansio, ile ambayo wengine wanaiita presha, wananunua vidonge vinavyotoka nchi za mbali. Lakini moja ya dawa za kwanza za ugonjwa huo ilipatikana katika mti unaoota katika misitu ya Kongo.

Mwaka 1952, watafiti wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walitoa rezerpini katika mizizi ya mmea wa India. India ilipozuia kuuza mizizi hiyo nje mwaka 1955, viwanda viligeukia ndugu yake wa Afrika, Rauvolfia vomitoria. Zaire ikawa muuzaji mkubwa. Mizizi ilikwenda ng’ambo, na vidonge vikatengenezwa huko.

Rezerpini iliwaletea baadhi ya wagonjwa huzuni nzito, na dawa nyingine kama amlodipini zikachukua nafasi yake. Shida ya pesa ilibaki. Mwaka 1987, mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana Bamako kwamba mgonjwa achangie bei ya dawa, ili pesa hiyo inunue akiba mpya. Mwenye malaria analipa mara moja, anapona. Mwenye tansio analipa kila mwezi, hata siku ambazo mwili haumuumi. Ndiyo maana wengi wanaacha.

Vita viliongeza uzito. Waasi wa RCD waliteka Kindu mwaka 1998, na treni ya kutoka Lubumbashi haikurudi mpaka 2004. Njia ikikatika, dawa inakatika pia. Familia zinazokimbia vijiji leo zinalijua jambo hilo.

Hapo ndipo mwenye farmasia wa mtaa ana kazi, awe Kasuku, Mikelenge au ng’ambo ya Lualaba, Alunguli. Anamketisha mteja dakika 5 kabla ya kupima, anaandika namba na tarehe kwenye daftari la mgonjwa. Namba ikifika 140 kwa 90 zaidi ya siku moja, anamtuma kituo cha afya. Haanzishi dawa wala haibadilishi mwenyewe. Aliyepoteza daftari njiani akionyesha hata karatasi tupu ya vidonge vyake, inasaidia kuijua dawa.

Lakini uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakipotea ghafla, mgonjwa asipelekwe farmasia. Apelekwe hospitali saa ileile.