Wosia

Wosia, wasia, usia: wengine hubishana lipi sahihi, mimi naona yote ni ya mama mmoja, Kiarabu. Kitenzi chake, kuusia, ndicho kitamu. Bibi anayemkalisha mjukuu usiku wa kuamkia harusi anamuusia, na hakuna aliyekufa. Lakini litaje neno mbele ya mzee mgonjwa, nyumba nzima inakuona mchuro! Tumelifunga kwenye mirathi, kumbe mzee angeweza pia kuusia nani amuuguze na azikwe wapi. Ya mali yana taratibu zake: nchini Tanzania, wakala wa serikali uitwao RITA huandika na kuhifadhi wosia; katika sheria ya Kiislamu, wasio warithi hawaachiwi zaidi ya theluthi, ila warithi wenyewe wakiridhia.