Matusi Redioni na Watu wa Ukutani

Wazazi katika sharika zetu huuliza mara kwa mara kama redio zikate maneno machafu katika nyimbo au ziupige wimbo jinsi ulivyotoka studio. Wana sababu ya kuuliza. Nyumbani mzazi anaweza kuizima redio, lakini kwenye daladala, saluni au kwa fundi cherehani hana la kufanya, na mtoto amekaa pembeni yake akisikiliza. Wengi hulichukua swali hili kama la kizazi hiki, na hapo hatukubaliani nao. Tumelikuta katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18.

Ilikuwa mwaka 701 kabla ya Kristo. Waashuru walikuwa wameteka miji ya Yuda, na mjumbe wao, Rabshake, alisimama nje ya Yerusalemu akimtukana Hezekia na Mungu wake. Maofisa wa mfalme wakamsihi aseme Kiaramu, ambacho wao walikielewa, asitumie lugha ya Wayahudi, kwa kuwa watu wa kawaida walikuwa wamekaa ukutani wakisikia. Rabshake akakataa. Alisema ujumbe wake ni wa hao hao wa ukutani, akataja kwa maneno makavu kinyesi na mkojo ambavyo wangelazimika kula na kunywa mji ukizingirwa. Kisha akapaza sauti zaidi, kwa lugha yao.

Karne nyingi baadaye wanazuoni wa Kiyahudi walioitwa Wamasoreti, waliohifadhi Maandiko ya Kiebrania, waliufikia mstari huo. Hawakuufuta. Waliacha maandishi yalivyo, ila wakaweka alama ya neno la adabu zaidi ambalo msomaji angelitamka mbele ya watu katika sinagogi. Ndivyo ilivyo pia katika Kumbukumbu la Torati 28:30, na kanuni yenyewe ni ya kale kuliko wao, kwa kuwa Talmudi inaitaja. Tukisema leo kwamba redio ipige toleo lililosafishwa na wimbo wenyewe ubaki ulivyotungwa, tunarudia utaratibu uliokwisha kutumika kwa Neno la Mungu lenyewe. (Anayedhani Biblia haina maneno ya kuona haya akasome Ezekieli 23, halafu atuambie ni lini aliisikia ikisomwa katika ibada ya watoto.)

Tazameni basi kwamba katika kisa hicho kimoja kuna watu wa aina mbili waliotaka neno lisisikike. Wamasoreti waliona haya kwa ajili ya neno chafu, na tishio la Mwashuru hawakuligusa. Maofisa wa Hezekia hawakulalamikia uchafu. Waliogopa wananchi wasijue hali ilivyo. Nchini kwetu aina hizi mbili zimechanganywa tangu zamani.

Wazee wetu walikuwa na njia yao. Katika jando na unyago ziliimbwa nyimbo zenye maneno ambayo mama asingeyatamka jikoni, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu maneno hayo yaliwekewa mipaka ya umri, mahali na wakati. Redio haina mipaka hiyo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam peke yake. Bendi za dansi zilirekodi katika studio zake, na mashairi yalikaguliwa kwanza. Wimbo uliokataliwa pale haukuwa na kwingine pa kwenda.

Hapo ndipo alipogonga mwamba Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akavuma na Super Matimila. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka michache baadaye hapakuwa na ukoo ambao haukuzika. Remmy akatunga “Mambo kwa Soksi”, akiwahimiza wanaume wavae kondomu. Redio ikakataa kuupiga. Fikirini neno alilochagua: soksi. Mtunzi alikuwa amekwisha kuitafuta tafsida mwenyewe, amekwisha kufanya kazi ya Wamasoreti, na bado akafungiwa. Makanisa mengi yalipinga kondomu, na mashauri hayo hayajaisha hadi leo. Lakini mtu anaweza kuikataa kondomu kwa dhamiri safi na akakiri kwamba wimbo ule haukuwa tusi. Ulinyamazishwa kwa sababu ulisema wazi jambo ambalo watu walilinong'ona msibani.

Remmy huyo baadaye aliokoka, akaacha dansi, akaimba Injili hadi alipofariki Desemba 2010.

Redio za binafsi zilipokuja mkasi haukupotea, ulibadili mikono tu. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake “Wapo”, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Kesho yake Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza mwimbaji aachiwe na wimbo upigwe. Kilichowakera waliomkamata ni kwamba ulisema watawala. Novemba 2018 Baraza likafungia “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na hapo sisi tungesimama na Baraza, kwa maana wimbo ule ulichezea majina ya mahali mpaka yakasikika kama uchafu. Lakini hata hapo palikuwa na ugumu wake. Ni nani atakayefuta jina la Mwanza redioni? Abiria wa Ubungo wangekata tiketi ya kwenda wapi?

Mwaka huo huo wa 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka uliogusa haki na hali ya siasa. Ikaja barua ya Msajili wa Jumuiya ikitaka waraka huo ufutwe, kabla ya Wizara ya Mambo ya Ndani kuikana. Waraka haukuwa na neno hata moja la kumwonea haya mtoto.

Kwa hiyo mshiriki anapotuomba tumwandikie mkuu wa kituo cha redio, tunamwandikia. Tunataja wimbo, saa uliyopigwa, na neno lenyewe, na tunaomba neno hilo likatwe saa ambazo watoto wako macho. Hatuombi mwimbaji azuiwe kuimba. Na mshiriki akija na wimbo uliomkasirisha kwa sababu unasema wachungaji wanaokula sadaka, tunamrudishia karatasi yake na kumuuliza kama ni uongo.